Palatka inavuja? Kwanza jua maji yanatoka wapi

Mwaka wa kwanza nilipopata palatka, koti la mvua la jeshi linalogeuzwa hema, nilimaliza Jumamosi nzima na pakiti mbili za mishumaa kuipaka nta, nikiamini inavuja. Kumbe haikuwa inavuja. Maji niliyoyakuta kwenye blanketi asubuhi yalikuwa yetu wenyewe, pumzi yangu na ya mwenzangu, na kwa kuipaka nta nilikuwa nimeziba hata pale palipokuwa panaruhusu unyevu utoke. Safari iliyofuata tuliamka tumelowa kuliko ya kwanza. Kwa hiyo hapa naanza na dalili, kisha chanzo, na mambo ya nta yatakuja mbele huko.

Kwa asiyeifahamu: palatka (Wapolandi huandika pałatka) ni koti la mvua la askari wa Poland wa enzi za Mkataba wa Warsaw (muungano wa kijeshi ulioongozwa na Wasovieti), limeshonwa kwa turubai la pamba la rangi ya kijani kibichi kilichofifia. Halina mikono, lina nafasi mbili za kutolea mikono na ukosi shingoni. Ukiunganisha mawili kwa vifungo unapata hema la umbo la pia, lenye mti mmoja katikati. Kila askari alibeba nusu ya nyumba yake, nusu nyingine ilikuwa mgongoni kwa mwenzake. Wauzaji wa nchi nyingine huliita lavvu, jina la hema la Wasami wa kaskazini ya Skandinavia, kwa sababu tu umbo linafanana. Warusi nao wana palatka yao, ya mraba. Hiyo nitaigusa mwishoni.

Mimi naishi Wrocław, mji wa Poland, na yangu niliipata kwenye duka la demobili, ndivyo huku wanavyoita mitumba ya jeshi. Nimekulia Tukuyu. Mvua naijua.

Dalili: mvua ya kwanza tu, unyunyu unapita kitambaa chote

Uko ndani, na usoni unahisi kama mtu anakunyunyizia maji kwa brashi ya kupigia pasi. Hakuna tundu unaloliona.

Hapa mara nyingi hakuna ugonjwa. Turubai la pamba lililokaa ghalani limekunjwa miaka thelathini ni kavu mno, na kati ya uzi na uzi kuna nafasi. Pamba ikilowa nyuzi zake hufura na kubanana, nafasi zinaziba. Mvua kubwa ikilikuta kabla halijalowa hata mara moja, matone yanapasukia kwenye zile nafasi na kuingia kama ukungu.

Tiba haina gharama. Simamisha hema uani siku ya jua, limwagie maji kwa mpira au ndoo mpaka lilowe kabisa, liache likauke likiwa limesimama vilevile, kisha rudia. Mara mbili au tatu zinatosha. Usitie sabuni ya aina yoyote.

Unyunyu ukiendelea baada ya hapo, tazama mwinuko kabla ya kulaumu kitambaa. Aliyewahi kulala kwenye nyumba ya nyasi anajua: paa lililosimama halivuji, paa lililolala linavuja hata nyasi ziwe mpya. Palatka ni hivyohivyo. Watu hupenda kuvuta pindo nje sana ili wapate nafasi ya miguu, mti wa katikati unakuwa mfupi kulingana na upana, ubavu unalala na maji yanatuama badala ya kuteremka. Rudisha vigingi ndani, inua mti, na kubali kulala umekunja magoti kidogo. Askari nao walilala hivyo.

Dalili: linavuja mahali pamoja tu

Chukua tochi, fuata mstari wa maji kuelekea juu mpaka unapoanzia. Utaishia kwenye moja ya sehemu tatu.

Ya kwanza ni pale ulipogusa. Turubai lililolowa linashikilia maji kwa nje kwa sababu matone yanavutana yenyewe kwa yenyewe. Ukiweka kidole ndani, au begi likaegemea, au kichwa chako kikagusa ubavu ukiwa usingizini, ule mvutano unavunjika na maji yanapata njia. Ukishaigusa, kuondoa kidole hakusaidii. Kinachosaidia ni kuteremsha kidole kwenye kitambaa kuanzia pale panapodondoka mpaka chini kwenye pindo: maji yatafuata mstari huo na kwenda ardhini badala ya kukudondokea. Ni ujanja mdogo, lakini saa nane usiku una thamani ya dhahabu. Kwa safari zijazo, mabegi yakae katikati kuzunguka mti, miguu ndiyo ielekee ubavuni.

Ya pili ni mstari wa vifungo. Vipande viwili hupishana, na kila upande una safu yake, ile ya nje na ile ya ndani. Wengi hufunga safu moja wakaona hema limesimama, wakaridhika. Funga zote. Na ule upande wa juu wa mpishano ufungue mdomo wake kuelekea upepo unakokwenda. Ukielekea unakotoka, upepo unaingiza maji kama unavyotia barua kwenye bahasha.

Ya tatu ni mishono. Uzi wa zamani huoza kabla ya kitambaa. Vuta mshono taratibu kwa vidole viwili ukiwa umeuelekeza kwenye mwanga. Ukiona nukta za mwanga kila tundu la sindano, sugua nta ya nyuki kwenye mshono huo peke yake, pande zote mbili, kisha upitishie joto la mashine ya kukaushia nywele mpaka iyeyuke iingie. Dakika kumi, kazi imekwisha. Usiguse sehemu nyingine.

Dalili: ndani kumelowa, na huna hakika kama kulinyesha

Hii ndiyo iliyonitia hasara.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa Bukoba, msituni kusini ya mji, mwezi wa kumi. Saa kumi alfajiri aliniamsha. "Kaka, hebu shika huu mti." Nikashika. Mti wetu ni wa alumini, wa kuunganisha vipande, na ulikuwa umelowa toka juu mpaka chini kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. "Sasa kaka, mvua imeingiaje kwenye mti, na kitambaa hakiugusi?" Nikanyamaza. Tukafungua vifungo vitatu, tukachungulia nje: nyota tupu. "Hema linatoka jasho," akasema, akarudi kulala. Na mimi nilikuwa nimeshalipaka nta wiki mbili kabla.

Mtu mmoja kwa usiku mzima anatoa maji zaidi ya glasi moja kwa pumzi na ngozi. Mpo wawili, ardhi iliyo chini yenu nayo inatoa unyevu wake, na soksi mbichi mmezitundika ndani. Nje kuna baridi. Mvuke ukigusa kitambaa cha baridi unageuka maji. Mvujo na jasho hutofautishwa hivi: mvujo una mahali unapoanzia na njia unayopita, na chini yake ardhi imelowa sehemu moja. Jasho limetapakaa kila mahali sawasawa, kwenye mti, kwenye vifungo vya chuma, hata juu ya begi la nailoni lililo katikati ya hema. Ukiwa bado una shaka, lisimamishe tupu usiku mmoja wa mvua. Ukilikuta kavu asubuhi, chanzo ni nyinyi.

Tiba ni hewa. Pale juu zinapokutana kosi mbili pana tundu, na kila mgeni wa palatka analiziba kwa kofia au soksi kwa kuogopa mvua. Liache wazi. Ukilazimika kulifunika, funika upande unaopigwa na upepo tu. Chini, upande ule upepo unakokwenda, inua pindo kiasi cha ngumi moja. Baridi itaingia, ndiyo, lakini baridi kavu inavumilika ukiwa na blanketi. Baridi ya maji haina dawa. Tandika nailoni nzito ardhini kabla ya mkeka, kwa sababu palatka haina sakafu. Usipige kambi bondeni au kando ya kijito, ukungu wote wa usiku huteremkia huko. Na chai ichemkie nje.

Dalili: umeivaa, nawe umelowa

Kama koti, palatka ina tabia zake, na nyingi hazitibiki. Unajifunza kuishi nazo.

Mabega hulowa kwanza. Kamba za begi zinakandamiza kitambaa, na kukandamiza ni kugusa kwa nguvu zaidi. Vaa palatka juu ya begi dogo, utaonekana una kibiongo lakini utakuwa mkavu. Begi kubwa haliingii.

Mikono: ukiitoa kwenye zile nafasi zake, maji hufuata mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, na ukiinua mkono hufika kwapani. Iache ndani. Shingoni yangu haina kofia, ina ukosi tu, kwa hiyo navaa kofia ya ukingo mpana. Kosa la wengi ni kujifunga skafu ya pamba ikatokeza nje. Skafu hiyo ni utambi wa taa: ncha moja iko kwenye mvua, nyingine iko kifuani kwako. Suruali iliyogusa majani mabichi inafanya vivyo hivyo kuanzia chini, inapandisha maji mpaka magotini, na mtu anasema palatka imevuja magotini. Chomeka suruali kwenye gambuti, au iache nje ya buti bila kugusa soksi.

Ukiwa unapanda mlima, ule unyevu wa mgongoni ni jasho lako. Fungua mbele.

Jambo moja silifanyii mzaha. Pamba iliyolowa kabisa ni nzito, na kwenye upepo wa mlimani inakuwa tanga. Kipande changu kikavu kina kama kilo mbili. Baada ya saa nne za mvua utadhani umebeba mtoto asiyetaka kukaa. Kwenye matembezi ya msituni sawa. Kupanda nayo Śnieżka, mlima mrefu kuliko yote ya safu ya Karkonosze, mita 1,603, ambako kileleni hakuna mti wa kujikinga na upepo haupumziki, hapana. Huko vaa koti la kisasa la nailoni na uiache palatka kwenye begi kwa ajili ya usiku.

Na usipande nayo baiskeli. Pindo linaingia kwenye gurudumu.

Dalili: ilikuwa nzuri, ukaifua, sasa inanyonya maji kama taulo

Sabuni ya unga ndiyo iliyoiua. Kazi ya sabuni ni kuyafanya maji yaingie kwenye kitambaa, na inayobaki kwenye nyuzi baada ya kusuuza inaendelea na kazi hiyohiyo kwenye mvua. Najua kwa nini uliifua: harufu. Palatka iliyotoka ghalani inanuka dawa, mchanganyiko wa lami na stoo ya vipuri, na wanaoishi kwenye nyumba za ghorofa hawana subira na harufu hiyo. Ingetoka yenyewe kwa wiki mbili za upepo.

Kwanza suuza kwa maji matupu, mara nyingi, mpaka povu liishe kabisa ukikamua. Anika ikauke. Kisha dondosha tone la maji juu yake. Tone likisimama kama shanga, umepona, usifanye zaidi. Likinyonywa papo hapo, hapo sasa nta inahitajika.

Natumia sehemu tatu za mshumaa mweupe wa kawaida kwa sehemu moja ya nta ya nyuki. Mshumaa peke yake ukipata baridi hupasuka kwenye mikunjo. Nta ya nyuki, ambayo mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa, inaulainisha. Yeyusha kwa kuweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe usiweke kopo moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu nta ikipata joto kupita kiasi inawaka. Mimina kwenye kikopo, igande iwe kipande kama cha sabuni. Tandaza palatka mezani, sugua kipande hicho upande wa nje kwa mkono mwepesi, kisha pitisha pasi ya joto la chini juu ya karatasi mpaka ile rangi nyeupe ipotee ndani ya kitambaa. Jaribu kona moja kwanza.

Anza na mabega na eneo la kuzunguka ukosi, kisha mishono. Ubavu wa chini uache upumue. Ukipaka kila mahali, kama nilivyofanya mimi, umejitengenezea mfuko wa plastiki wenye uzito wa turubai. Madukani huku kuna dawa za kunyunyizia, wenyewe wanaziita impregnat. Zinafanya kazi, lakini soma kopo kama ni ya pamba, kwa sababu nyingine ni za nailoni.

Kitambaa chenye nta kinashika moto haraka. Hilo linatuleta kwenye dalili ninayoiogopa kuliko zote.

Dalili: asubuhi kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu

Toka nje sasa hivi, na mtoe mwenzako hata kama anasema anataka kulala tu. Hasa kama anasema hivyo. Piga 112, namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya.

Kama kulikuwa na jiko la mkaa au la gesi ndani ya hema, hiyo ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwetu kila msimu wa baridi husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani. Hema la turubai lililolowa ni chumba kilichozibwa kuliko unavyodhani, maana nyuzi zimefura. Kuona picha za Wasami wakiwasha moto katikati ya lavvu kusikudanganye: hema lao ni kubwa, na lina tundu la moshi lililokusudiwa. Hili letu, watu wawili wakilala, mti uko kwenye mbavu zao. Hakuna moto ndani, hata wa kukausha soksi.

Dalili: vigingi vimeng'oka usiku, au vifungo vimekatika

Pamba ikilowa hujivuta, ikikauka hulegea, na kamba za katani nazo ni vivyo hivyo. Ukiikaza kama ngoma jioni ikiwa kavu, mvua ya saa sita usiku ikiikaza tena, kitu kitaachia: kigingi ukiwa na bahati, tundu la kifungo usipokuwa nayo. Ikaze kiasi tu, na mawingu yakitanda legeza mti wa katikati nusu shubiri. Huna mti? Tafuta tawi juu, funga kamba kwenye kijiti kilichopita chini ya kosi, vuta. Mara nyingi inakuwa bora kuliko mti, na nafasi ya katikati mnabaki nayo.

Dalili: vipande viwili havifungani

Ulinunua saizi tofauti. Zipo 1, 2 na 3, na namba imepigwa mhuri ndani. Saizi kubwa ndiyo yenye hema kubwa, hata kama wewe ni mfupi. Rudi dukani ubadilishe. Hakuna ufundi hapo.

Dalili: madoa meusi na harufu ya kabati la bibi

Ni kuvu, kwa sababu ulikunja ikiwa mbichi. Peleka nje, kausha juani, piga brashi kavu upande ambao upepo hautakurudishia vumbi lake puani, pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, kausha tena. Madoa hayatoki. Muhimu ni kuvuta kitambaa penye doa: kikichanika kwa urahisi, pamba imeshaliwa, tia kiraka au achana nacho. Ukitoka safari na mvua, hata ukifika nyumbani saa sita usiku, itundike. Yangu inalala kwenye kamba ya ghala la chini ya jengo, na jirani mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole kama nimeingia jeshini.

Ile ya mraba ya Kirusi

Ni kama mita 1.8 kwa 1.8, ina uzi wa kuvuta kona iwe kofia. Kama koti inaizidi yangu. Kama hema la mtu mmoja haifungiki pande zote, ni kibanda cha mgongo tu, kwa hiyo mgongo uelekee upepo na usitarajie zaidi. Mengine yote niliyoyasema kuhusu kugusa, sabuni na nta yanaihusu.

Kulala wapi, na kuhusu kwenda nayo nyumbani

Poland, misitu ya serikali ina mpango uitwao Zanocuj w lesie, yaani lala msituni, tangu tarehe 1 Mei 2021. Kwenye maeneo yaliyotengwa, watu wasiozidi 9 wanaweza kulala hadi usiku mbili mfululizo bila kutoa taarifa. Moto ni pale palipopangwa tu. Kupe ni wengi, jikague nyuma ya magoti kila jioni.

Usiipeleke Tanzania. Mwezi wa nane 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, na Kenya na Uganda nazo haziruhusu raia kuvaa sare za jeshi. Ya kwangu haina madoadoa, ni kijani tupu, ila sioni sababu ya kuanza kueleza historia ya Mkataba wa Warsaw pale uwanja wa ndege. Nikienda Tukuyu nanunua turubai la bluu sokoni, lile la kuanikia mahindi, na palatka namwachia mwenzangu wa Bukoba. Ana nusu yake tayari.